Redio ya Si Khelifa

Lakhdar alikuwa fundi wa kujidai, na wala hakujificha. Konstantine nzima, alikuwa akisema, hakuna mwingine wa kukushikia redio ya valvu, zile zenye taa za kioo tumboni, akakutajia mwaka iliotengenezwa kabla hujamaliza kunywa kahawa yako. Lakini asubuhi ile Dada Fettouma alipoingia karakanani, nyuma yake mpwawe amebeba boksi la mbao lililofunikwa shuka, Lakhdar alisimama na kuvua kofia.

"Wee Lakhdar, unaisalimia redio mimi unaniacha?"

"Nisamehe, dada. Ndiyo yenyewe?"

"Kwani sisi tulikuwa nazo ngapi?"

Walikuwa na hiyo moja tu, familia saba za ua mmoja. Ilikuwa ya Si Khelifa, yaani Bwana Khelifa, baba yake Fettouma. Wakati wa vita vya uhuru wa Aljeria, kila jioni mzee alibandika sikio kwenye kitambaa cha spika, maana Wafaransa waliivuruga sauti ya wapiganaji, iliyotangazwa kutoka Kairo, kwa makelele ya makusudi, na anayesikia alikuwa yeye peke yake. Wengine walikaa uani kimya, wakingoja. Akishanyanyua kichwa, anawapa habari: leo wamepigana mahali fulani, fulani yu hai.

Lakhdar alikuwa na miaka saba Alhamisi ile Si Khelifa aliponyanyua kichwa na kusema, "Redio inasema kina Brahim wamevuka mpaka. Wako Tunis, salama." Brahim alikuwa baba yake Lakhdar. Mama yake, Houria, alipiga vigelegele ua mzima ukaitikia. Vita viliisha na Brahim hakurudi, lakini Lakhdar alilishika neno lile maisha yake yote: baba alivuka, baba alifika. Ufundi wenyewe aliusomea kwa ajili ya redio ile.

"Tarehe tano Julai watoto wa shule wanakuja kwangu kuisikiliza," Fettouma alisema. "Miaka hamsini ya uhuru si mchezo. Nataka iseme kwenye masafa mafupi, palepale alipokuwa akisikiliza baba."

"Itasema, inshallah. Isiposema nafunga karakana."

Siku tatu hakugusa kazi nyingine. Alifuta vumbi kwa brashi ya kunyolea, akabadilisha kapasita zilizovimba na waya ulioliwa na panya. Umeme aliuingiza polepole, kupitia balbu, isije ikashtuka na kuungua. Valvu zikaanza kuwaka wekundu mdogo mdogo. Jicho la kijani juu ya kioo cha stesheni likafumbuka. Miaka arubaini ya kazi, na bado pale Lakhdar husahau kupumua. Kisha sauti ya mwanamke ikapanda kutoka chini, nene, ya joto, ikaijaza karakana. Masafa ya kati yalikuwa safi kabisa. Subhanallah, alisema, na machozi yakamlengalenga.

Akageuza swichi kwenda masafa mafupi. Fffff. Akazungusha kitufe mwanzo hadi mwisho. Fffff tu.

Akaipindua. Pale inapokaa koili ya masafa mafupi palikuwa patupu. Hakukuwa na alama ya waya kuwahi kuchomelewa, na matundu ya skrubu yalikuwa bado yamezibwa na rangi ya kiwandani. Ndipo akasoma kibati cha nyuma, kazi ambayo kwa redio nyingine yoyote huianza nayo. Hii hakuwa ameisoma. Nani anamwomba walii kitambulisho? Akafungua kitabu chake cha zamani cha mafundi na kutafuta herufi ya mwisho ya namba. Ilikuwa redio ya bei nafuu, masafa ya kati pekee. Kioo na swichi iliazima kwa dada yake, toleo la bei ghali.

Tangu izaliwe haikuwahi kusikia sauti ya wapiganaji, hata siku moja.

Fettouma alipokuja, Lakhdar hakumkaribisha hata kiti. "Dada, hii redio ni kiziwi. Mzee alikuwa akisikiliza upepo."

"Najua," Fettouma alisema, akavuta kiti mwenyewe.

"Unajua! Mbona habari zake zilikuwa kweli?"

"Zilitoka hamamu, mdogo wangu. Wanawake walikuwa wakienda kuoga, wanarudi nazo chini ya mataulo. Ua ule ulikuwa na masikio ya askari pia, usidhani. Mwanamke akisema jambo, kesho anachukuliwa. Redio ikisema, watamfunga nani? Waende Kairo wakaikamate?"

Lakhdar aliangalia lile boksi. Miaka yote ile mzee kakaa na kelele tupu sikioni, nyuma yake kundi zima la wanawake, na hakuna aliyeropoka! Kisha wazo lingine likamjia.

"Na ile ya baba yangu? Nani aliileta?"

Fettouma aliifunika redio kwa lile shuka.

"Mama yako," alisema. "Jumatatu ya wiki ile alipewa koti la Brahim, limetobolewa na risasi. Akaja kwa baba, mimi nikiwepo. Akasema, 'Alhamisi redio iseme amevuka. Mwanangu atakuwa anasikiliza.'"

"Jumatatu, dada? Una hakika?"

"Jumatatu. Mimi ndiye niliyemshikia ndoo akitapika, hawezi kusimama."

Lakhdar aliketi sakafuni, mtu mzima na mvi zake. Jumatano ya wiki ile, siku mbili baada ya lile koti, aliikumbuka vizuri. Jino lake la mbele liling'oka, na mama alimpandisha juu ya paa walitupie jua, limpe jingine zuri. Likagonga bomba na kuwarudia miguuni, na mama alicheka, alicheka mpaka akashika mbavu.