Majani Barabarani

Trela lililobeba mtambo wa kuchimba gesi lilifika Boito mchana, wanawake wakiwa wamemaliza kuchuma. Lilijaza barabara ya murram kutoka mtaro hadi mtaro, likitambaa katikati ya mashamba ya chai. Priscah alilisikia kabla hajaliona. Aliburuta gunia lake la wavu, lililojaa majani mabichi, akalilaza katikati ya barabara na kulikalia. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Trela likasimama mbele yao likinguruma.

Hawakuwa wakigombea barabara. Nyuma yao, baada ya kona, palikuwa na uwanda wa Kaptebes, nyasi ambazo jembe halijawahi kuzigusa tangu enzi za babu zao. Ng'ombe wa kijiji kizima walilishwa hapo, na katikati yake ilitoka chemchemi iliyowanywesha watu wa mteremko wote. Kampuni ilitaka kutoboa papo hapo. Ilikuwa imeshatoboa ng'ambo ya bonde, karibu na kwa dada yake Rebeccah, na tangu hapo kisima cha Rebeccah kilitoa maji machungu yenye harufu ya yai viza. Kampuni ikasema ni bahati mbaya. Priscah alikuwa ameyaonja maji hayo, na hakuhitaji mtu wa kumweleza bahati ni nini.

Siku hiyo hiyo jaji wa Kericho alikuwa akisikiliza ombi lao la kusimamisha uchimbaji. Fancy, binti yake Priscah aliyesoma chuo cha Kabianga, alikuwa kortini, naye angepiga simu uamuzi ukitoka. Wakili alikuwa amewaonya kwamba mtambo ukitangulia kufika uwandani na kutoboa, jaji atabaki kuwapa pole tu. Kampuni nayo ililijua hilo, ndiyo maana ikaja siku hiyo.

Basi akina mama walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa lori linalopeleka majani yao kiwandani. Lilikuja saa yake ya kila siku, likakwama nyuma ya trela. Wanawake waliochuma chai tangu usichana, wenye akili zao timamu, walikuwa wameziba njia ya majani yao wenyewe.

Robert, mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani, alikuja kwa miguu kutoka kwenye lori huku jasho likimtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alisema majani yakikaa ndani ya magunia juani yataungua, yatakuwa mekundu, na karani wa kupima atayakataa yote. Walipishe trela lipite, lori lije lipime, halafu wapigane kortini kama watu waungwana. Baadhi ya wanawake wakaanza kutazamana. Priscah aliona wanavyotazamana. Mmoja akiinuka, wataondoka wote.

Akaangalia simu. Kimya.

Dereva wa trela aliteremka kujinyoosha. Alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Ooko, na tangu asimame macho yake hayakuwa kwa wanawake bali kwa magunia. Alisogea hadi alipokaa Priscah, akaweka kiganja juu ya wavu.

"Mama, hii majani yako inaungua," alisema kwa sauti ya chini. "Hamwezi kuianika kidogo?"

Priscah aliingiza mkono katikati ya gunia. Kulikuwa na joto kama ndani ya ugali. Alitoa konzi moja ya majani, nayo yalikuwa yameshageuka rangi. Gunia hili alilikalia wa kwanza na kwa muda mrefu kuliko wote, na sasa lilikuwa limeharibika. Alikuwa ameamka gizani kwa ajili yake. Lakini majani ya wenzake yalikuwa bado mazima.

Alifungua leso yake kiunoni akaitandika barabarani, akawaambia wenzake wafanye hivyo na wamwage majani juu yake, wayatandaze membamba, wayageuze. Ndivyo walivyofanya siku zote lori likichelewa. Leso zikajaa barabara nzima, na wanawake wakachutama pembeni, huku na huku, wakiyageuza majani kwa mikono. Robert mwenyewe alivua koti akasaidia.

Hapo ndipo Priscah alipogundua alichofanya. Magunia yalikuwa na watu juu yake. Leso hazikuwa na mtu.

Benard, msimamizi wa kampuni, aliliona hilo upesi kuliko yeye. Alitoa kichwa dirishani mwa gari lake dogo lililofuata trela. "Ooko, ingia. Sasa hakuna mtu kwa road, ni majani tu. Pita."

Ooko alipanda. Injini ikanguruma, trela likasogea mbele kidogo, na leso ya kwanza ikatikisika kwa upepo wake. Priscah alishika pindo la leso yake kwa mikono miwili. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Aliwaza chemchemi, akawaza kile kisima cha dada yake.

Kisha injini ikazimwa.

Ooko aliteremka, akaenda hadi kwenye gari la Benard na kumkabidhi ufunguo. "Bosi, mimi nimezaliwa estate ya chai. Mamangu alichuma hii kitu mpaka mgongo ikakataa. Siwezi kanyaga majani ya mtu. Endesha wewe."

Benard hakujua kuendesha trela, na kila mtu pale alijua hivyo. Alimwambia Ooko asirudi kazini. Ooko akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akachutama mbele ya leso iliyo karibu na gurudumu na kuanza kuyageuza majani, kwa vidole vilivyoijua kazi hiyo.

Simu ilipolia, Priscah hakuisikia. Ni Robert aliyeisikia, akamwambia aipokee. Fancy alikuwa akilia kwa furaha. Jaji amesimamisha uchimbaji hadi kesi isikilizwe yote. Akina mama waliimba, na Benard akaanza kumtafuta mtu wa kurudisha trela nyuma. Alimkuta mmoja tu anayeweza, akamwomba kwa adabu. Lori na gari dogo vikatangulia kurudi nyuma, naye Ooko akalirudisha trela polepole hadi kwenye lami, kisha akarudi kwa miguu.

Lori likapita, karani akapima. Majani ya wenzake yalikubaliwa. Ya Priscah karani aliyanusa tu, akatikisa kichwa. Priscah aliyabeba mwenyewe akayamwaga chini ya michai yake, na alikuwa na hasira, wala hakujifanya hana.

Ooko alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, hana kazi wala usafiri. Akamwomba maji. Priscah alivuka kona hadi Kaptebes na kumchotea kibuyu kimoja kutoka kwenye chemchemi. Ooko alikinusa kwanza, kama mtu aliyewahi kufikisha mtambo ng'ambo ya bonde na kuonja maji ya kule. Kisha akanywa chote, akaomba kingine.