Korosho Alizoacha Mama Gervas

Bwanali alikuwa kwenye mstari wa nne wa mikorosho yake, ameinama, akiokota korosho zilizodondoka. Mkono wa kulia ulipekua majani makavu, wa kushoto ukasogeza ndoo, na kila bibo, tunda la mkorosho, lililokutwa na korosho yake lilinyofolewa kwa kuzungushwa mara moja, likatupwa kando. Kazi hiyo haihitaji kichwa, na siku hiyo Bwanali hakukihitaji kichwa chake.

Tangu juzi, gobore lake lilikuwa kituo cha polisi Newala. Yeye alikuwa nje kwa dhamana ya watu wawili wa kijiji chake cha Makote, kwa kuwa mwanamke ambaye yeye alimpiga risasi pajani alikuwa bado hai, amelazwa hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi. Kesho asubuhi askari wangekuja kuona mahali penyewe.

Alipofika chini ya mkorosho wenye tawi lililovunjika, aliona kirundo kidogo cha korosho kwenye shina. Mkono ulishaenda kuzoa. Ukasimama.

Kila mtu wa huku juu, kwenye uwanda wa mikorosho, anajua maana ya kirundo kama kile. Msimu wa mabibo, anayetaka kukamua uraka, pombe ya mabibo, anaingia shamba la mtu na kuokota mabibo bila kuomba. Korosho anainyofoa na kuiacha shinani, ni ya mwenye mti. Anayeondoka na bibo ni jirani, anayeondoka na korosho ni mwizi. Mwenye shamba naye akipita anavizoa virundo, wala hajiulizi nani amepita.

Ndivyo alivyofanya Bwanali asubuhi hiyo. Chini ya miti miwili alikuta virundo viwili, akavizoa kwa mazoea tu ya mkono. Sasa, mbele ya cha tatu, alielewa alichokuwa akizoa. Akatazama ndani ya ndoo. Korosho zote zilikuwa zimechanganyika.

Hatua chache kutoka pale, nzi walikuwa wametua juu ya majani yaliyoshikana kwa damu.

"Hodi huko, Baba Pili!"

Alikuwa Ladislaus, jirani wa shamba la pili. Mwaka jana, msimu kama huu, wezi walimkuta Ladislaus kibandani kwake, wakamfunga kamba, wakampiga hadi jicho la kushoto likapotea, kisha wakaondoka na magunia yake kwa pikipiki. Baada ya hapo kijiji kilifanya mkutano, kikaandika muhtasari, na Bwanali, mtu asiyelewa wala kugombana, akapitishwa aombe kibali cha kumiliki gobore la marehemu mjomba wake. Tangu akipate, hakuna gunia lililoibwa upande ule. Hilo nalo lilikuwa kweli, na Bwanali alikuwa amelitafakari mara nyingi tangu juzi.

"Karibu, Baba Cecil."

Ladislaus hakukaribia upesi. "Nimepigiwa simu kutoka Mkomaindo. Mama Gervas hatunaye. Saa nne hii. Wanasema damu ilikuwa imemwishia."

Bwanali alikaa chini palepale. "Inna lillahi," alisema.

Mama Gervas, Veridiana, ndiye aliyekuwa somo, yaani kungwi, wa binti yake Pili alipochezwa unyago. Bwanali, ambaye uraka hajawahi kuugusa, alikuwa akimtania kwamba moto wa jehanamu utamshika na mitungi yake. Naye alikuwa akijibu, "Usijali, Baba Pili. Nikikuona mlangoni nitakukaribisha ndani."

Ladislaus akachuchumaa. "Sikiliza. Marehemu simsemi vibaya, alikuwa mtu mwema. Lakini keshakufa, na wewe una watoto. Maelezo yako ulisema ni mwizi. Kesho wakikuta hicho kirundo, umeua jirani. Wakikuta kiroba cha korosho kimelala pale penye damu, umejilinda." Akachomoa kwapani kiroba kitupu, kilichokunjwa vizuri.

"Ndoo yake je?"

"Waliibeba pamoja naye. Mabibo yenyewe yamekanyagwa na waliokuja kumchukua."

"Mama yule kakamua uraka miaka thelathini. Nani ataamini kiroba?"

"Mpelelezi ataamini. Mtu wa Mara yule! Juzi kaniuliza kama bibo ndiyo korosho ambayo haijaiva." Ladislaus alicheka kidogo, akaacha. "Maana ya kirundo haijui. Ila Gervas akifika kesho atamwonyesha, na hapo imekwisha."

Bwanali alikitazama kile kirundo.

"Si uliita kwanza? Uliandikisha uliita mara tatu, asijibu."

Alikuwa ameandikisha hivyo. Ukweli ni kwamba alfajiri ile kulikuwa na ukungu mzito. Alizinduka kibandani kwa mchakacho wa majani, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa uso wa Ladislaus siku walipomfungua kamba. Mkono ukatangulia mdomo. Aliita, ndiyo, lakini aliita baada ya mlio wa gobore.

"Wakikukuta na kosa," Ladislaus aliendelea, "watakusanya kila gobore lililo Makote. Mimi nalala na panga na jicho moja. Unajua nalalaje? Silali. Huu mwaka mmoja tu, ulipokuwa na kile chuma, ndiyo nimelala."

"Najua, ndugu yangu. Hata nilipofyatua nilikuwa nakufikiria wewe."

Ladislaus alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akaweka kiroba chini, akaweka na jiwe juu yake kisipeperuke. "Mimi sikuja hapa," alisema, akaondoka.

Bwanali alikivuta kiroba. Akapiga magoti shinani, akazoa korosho kwa mikono miwili, akazitia. Ndipo alipoona jinsi zilivyonyofolewa: safi, hata nyuzi za bibo hazikubaki. Zile changa, zisizofaa sokoni, zilikuwa zimetengwa pembeni ili zisimchafulie mwenye shamba mzigo wake. Mtu alikuwa amefanya hivyo gizani, mgongo umeinama, kwa mali isiyo yake.

Akazitoa kirobani. Alijaribu kuzipanga kama zilivyokuwa, zikakataa kukaa.

"Unafanya nini, Baba Pili?"

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria ya ugali uliofunikwa kwa kanga. Macho yake yalikuwa mekundu. Habari ilikuwa imefika nyumbani.

"Naokota."

Mama Pili alitazama kiroba, akatazama shina. Yeye naye alizaliwa huku juu, hakuhitaji kuelezwa. Akatua sufuria. "Pili anauliza kama aende msibani. Nimekosa la kumjibu. Aende kama nani? Kama mwari wa marehemu, au kama mtoto wako?"

Upepo ulipita kwenye mikorosho, mabibo mawili matatu yakaanguka. Hakuna aliyegeuka.

"Aende," Bwanali alisema. "Awaambie marehemu alikuwa anaokota mabibo. Aseme nimesema mimi."

"Watakufunga."

"Watanifunga."

"Na wale wenye pikipiki wakirudi?"

"Watarudi."

Bwanali aliimwaga ndoo yake kwenye gunia, kisha akaifudikiza juu ya kile kirundo, akaigandamiza kwa jiwe ili panya wasizisambaze. Kiroba alikikunja kama alivyoletewa. "Mrudishie Baba Cecil. Usimgombeze. Hana ubaya yule, ana hofu."

Jua lilikuwa limeinama upande wa Masasi. Mstari wa nne ulikuwa umefika nusu, na iliyobaki hata haijaguswa. Korosho zilikuwa zimelala chini ya kila mti.

"Kesho nikishachukuliwa, wewe na Pili anzieni mstari wa tano," alisema. "Mti huu msiuguse mpaka waje, niwaonyeshe mwenyewe."

"Na virundo vingine? Hakuacha kimoja tu yule."

"Viwili nimeshavizoa asubuhi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Hilo nalo nitawaambia. Na kwamba sikuita kwanza."

Mama Pili alijitwika sufuria ya ugali ambao hakuna aliyeuonja. Wakatoka shambani wakifuatana, yeye mbele, mume nyuma na gunia ambalo halijafika nusu.