Mwisho wa Gati

…na huyu mwamuzi wa kesi za kazi naye, si aseme tu ndiyo au hapana, anasoma, anavua miwani, anaivaa tena, "kwa kuwa marehemu alisaini mkataba wake ndani ya meli," anasema, na mjane anawaza, sasa ulitaka asaini wapi, jikoni kwangu? Mabaharia wote husaini melini, mezani kwa nahodha, ndiyo heshima yao, anayesaini ofisini nchi kavu wanamwita kuli na kumcheka mpaka basi, na mumewe, serahangi, mkubwa wa watu wa sitaha, akubali kuitwa kuli? Thubutu! Shati jeupe lazima, kola kainyoosha yeye mkewe kwa pasi, na bwana anatoka mlangoni kifua mbele kama anakwenda kuoa, jamani, kola ile… "hivyo masharti ya kazi yake hayamo katika mamlaka yangu," mwamuzi anasoma, na wakili wa kampuni anatikisa kichwa polepole kama anasikia wimbo anaoupenda, mshenzi, manukato yake yamejaa chumba kizima, feni inayazungusha tu, na katibu wa chama cha mabaharia, yeye aliyesema twende mama, mwamuzi huyu ana meno, sasa anatazama viatu vyake. Yeye mjane hakuja kudai hela, amelisema hilo mpaka mate yamemkauka, alitaka amri moja tu, mgonjwa akizidiwa baharini meli iingie bandari ya karibu, basi, ni jambo kubwa hilo? Hata dereva wa lori akiona utingo wake anajikunja tumbo atasimama hospitali, lakini meli ile ilipita bandari mbili, mbili! na serahangi yumo ndani kidole tumbo kimempasuka, eti shehena inangojwa, na leo jioni kitinda mimba wake anapanda meli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, ndiyo maana roho iko juu juu, amri itoke sasa, kabla ngazi haijavutwa, aliyekufa kafa, lakini huyu, Mungu wangu, huyu bado anaye…

"Makuli ningewaamulia," mwamuzi ameziweka karatasi chini, anamtazama, "walinzi, makarani, watu wa winchi, wote. Mabaharia sheria imewatoa mikononi mwangu. Nguvu zangu zinaishia mwisho wa gati, mama. Nikiandika amri unayotaka, kampuni itakwenda mahakamani ifutwe." Na macho yake mekundu, ebo! anataka kulia huyu, sasa nani ambembeleze nani, mjane alikuja amejiandaa kumchukia na chuki yenyewe haipati pa kukaa, mtu mzima na kalamu yake na mhuri wake, hana lolote, hana kabisa, na ukimfuata mwenye meli atakuelekeza kwa nahodha, na nahodha ndiye yule yule aliyepita bandari mbili, kwa hiyo kule baharini ni neno lake tu, na serahangi alilijua hilo ujana wake wote, alilijua hata siku ile aliyotuma sauti kwenye simu, "Usijali, mke wangu, kesho tunaingia bandari, nitamwona daktari," sauti imekwaruza lakini imetulia, mjane ameisikiliza kila usiku kama mtu anayekunywa dawa, ndiyo iliyomshika asianguke, kwamba angalau alikufa akitumaini… ngoja. Ngoja kwanza. Meli ikitaka kuingia bandari, nani anaambiwa atoe kamba za kufungia? Serahangi. Nani anajua kabla ya mpishi, kabla ya mafundi wa injini? Serahangi, hata akiwa kitandani vijana wake wangekuja kumuuliza tutoe kamba zipi, na hawakuja, hakuna aliyekuja, alijua, alilala pale anasikia injini haipunguzi mwendo akijua hakuna bandari, hakuna daktari, na pumzi kidogo iliyombakia akaitumia kumdanganya mkewe ili apate usingizi, na yeye akalala, ee Mola, akalala fofofo… "Umenielewa, mama?" mwamuzi anauliza, feni inazunguka, wakili anafunika kalamu yake, naye anaitikia kwa kichwa, asubuhi hii mlangoni kitinda mimba wake amembusu kwenye paji la uso, akainama kuokota begi ambalo alikuwa ameshalishika, akasema, "Usijali, mama, siku hizi mtu akiugua wanasimama."