Uso wa Maridadi

Mume wa fundi cherehani mmoja alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Maridadi, kwa sababu hakutoka nje hata siku moja bila kujikagua kwenye kioo mbele na nyuma. Sigara hakuwahi kuitia mdomoni. Kwa hiyo kikohozi kilipogeuka kuwa saratani ya pafu, majirani walimhoji kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Mkewe hakulia. Siku waliyopewa habari alirudi nyumbani akamalizia sare za shule alizokuwa amewaahidi watu, akapika, akaosha vyombo. Aliyasubiri machozi mpaka akachoka kuyasubiri.

Daktari wao, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliwaeleza bila haraka.

"Seli ina vipokezi juu yake. Mwili ukitaka seli igawanyike, unatuma kichocheo cha ukuaji, kinakaa kwenye kipokezi, na ujumbe unapokezanwa ndani mpaka kwenye kiini. Kichocheo kikiondoka, seli inatulia. Kwenye uvimbe wako, baba, kipokezi kimeharibika. Kinaamuru seli igawanyike hata kama hakuna kichocheo."

"Kumbe kinaitikia hodi na mlangoni hakuna mtu," alisema Maridadi.

Daktari alicheka. "Hasa. Kidonge hiki kitakinyamazisha. Ila ngozi nayo inatumia vipokezi vya aina hiyohiyo kujijenga, kwa hiyo utatoka vipele usoni. Usivichukie. Mara nyingi vinaonyesha dawa inafanya kazi."

Vipele vilikuja vyekundu, vyenye usaha, vikatapakaa puani na mashavuni. Kikohozi kilipungua, na picha zilionyesha uvimbe umenywea. Mkewe aliambiwa ashukuru, akashukuru kwa mdomo. Lakini kule kwenye duka lake la kunyolea viti vilibaki vitupu. Mteja mmoja aliinuka kichwa kimenyolewa nusu, kitambaa kingali shingoni, akasema amekumbuka safari. Maridadi alicheka alipokuwa akimsimulia mkewe. Kisha akaenda kulala mapema, na kioo cha chumbani akakigeuza ukutani.

Baadaye dada yake Maridadi alikuja kuwatembelea, akapiga vigelegele mlangoni.

"Kaka yangu amerudi ujanani! Hebu mtazameni!"

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Aliinua macho. Mashavu ya mumewe yalikuwa laini, yanang'aa mafuta, na wateja walikuwa wameanza kurudi. Alikuwa ameyaona hayo kila asubuhi bila kuyaona. Aliisimamisha pasi, akangoja wifi aondoke.

"Dawa umeacha lini?"

Maridadi alijifanya kutafuta kitana. "Mama watoto, nilikuwa nimeshapona."

"Nimekuuliza lini."

"Kitambo." Akakaa kitandani. "Watu walikuwa wananikimbia. Mimi bila wateja ni nani? Bora nife nikiwa kinyozi."

Mkewe alitaka kumfokea. Alitafuta hasira ndani yake kama anavyotafuta sindano iliyoanguka, akaikosa. "Vaa viatu," alisema. "Twende hospitali."

Picha mpya zilionyesha uvimbe umekua. Daktari alivua miwani, akaisugua muda mrefu.

"Mngeniambia tu kuhusu uso," alisema. "Ningepunguza dozi. Zipo hata krimu za kutuliza vipele."

Maridadi aliinamisha kichwa. Mkewe aliuliza krimu inapakwa mara ngapi.

Maridadi alirudia vidonge. Jioni mkewe alimkalisha karibu na dirisha, akampaka taratibu, kuanzia kwenye paji la uso.

"Umenikasirikia?" mumewe aliuliza, macho ameyafumba.

"Sijui. Usitikisike."

Uvimbe ulinywea tena, ila si kama mwanzo. Wateja wachache wasioogopa waliendelea kuja, naye aliwanyoa akiwa amekaa kwenye kigoda. Halafu saratani ikapata njia nyingine ya kupitisha amri ileile ndani ya seli, njia ambayo kidonge hakikuweza kuiziba. Daktari aliwaambia wazi kwamba vipele havikuwa vimedanganya, na kwamba pengine ingefika huko hata kama Maridadi asingeacha dawa. Mkewe alilishika lile neno "pengine", akarudi nalo nyumbani. Hakujua aliweke wapi.

Maridadi alifariki asubuhi, redio ikiwa inasoma habari. Mkewe aliizima, akaenda kumwita wifi yake. Watu walilia, naye akawatafutia mahali pa kukaa.

Msiba ulipokwisha alikwenda kufungua duka la mumewe ili afagie. Alikuwa anakunja vitambaa wakati mwanamume mgeni, nywele zimemjaa kichwani, alipochungulia.

"Fundi hayupo?"

"Hayupo."

"Nasikia ana mkono mzuri. Nimsubiri?"

Alimtazama mgeni, akamsogezea kiti.

"Kaa," alisema. Naye akakaa kwenye kingine, kando yake, wakatazama barabara.