Herufi Pembeni mwa Hati

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, ukurasa wa nne wa hati ya filamu bubu ya mwaka 1917 ulikuwa na herufi za penseli pembeni. Vaileth, mworodheshaji katika hifadhi ndogo ya filamu huko Beltsville, Marekani, alikuwa amekwisha kuziandika kwenye rekodi: "alama za kamera". Mbele ya neno "mtunzi" aliandika "hajulikani". Rekodi ingefungwa saa kumi alasiri, na baada ya hapo isingebadilishwa.

Audrey, mwenye miaka tisini na moja, alikuja kutoka Silver Spring na nyimbo tatu zilizochapishwa za bibi yake, Winifred Prosser, binti wa mchimba makaa kutoka Wales. Wa mwisho ulitoka 1912. Familia ilisimulia kwamba baadaye Winifred alitunga filamu na mwongozaji wa filamu hiyo ya 1917. Jina la Winifred halikuwa kwenye filamu yoyote.

"Masimulizi ya familia siwezi kuyaingiza," Vaileth alimwambia kwa Kiingereza.

"Basi nitakufa mjukuu wa mwongo."

Method, fundi wa kompyuta, alikuwa akibadilisha kebo. Jumapili huongoza kwaya ya Watanzania. Aliinama juu ya ukurasa.

"Dada Vaileth, kamera gani hii? Si solfa, noti za kwaya?"

"Wewe hata risiti ya duka unaiona solfa."

"Bisha. Herufi ni sauti, nukta pacha hutenga mapigo. Umeimba alto miaka minane, leo unaziita kamera! Mwalimu wako asikie."

Vaileth aliusogeza ukurasa karibu. Solfa alizijua za ubaoni, kanisani Moshi. Hakutarajia kuzikuta kwenye karatasi ya Kimarekani. Alizifunika nyimbo za Audrey kwa folda ili Method asizione.

"Imba kilichoandikwa tu."

Method aliimba. Kwenye mstari wa tatu Audrey alidakia kwa maneno. Ulikuwa wimbo wa 1912.

"Yeyote angeweza kuunakili," Vaileth alisema.

"Nyuma ya nakala yangu kuna mikwaruzo kama hiyo," Audrey alijibu.

Waliigeuza. Solfa za penseli, na chini yake sahihi ya Winifred. Vaileth alishika lenzi. Kwenye nakala na kwenye hati, herufi "f" ilikuwa na mkia uleule uliopinda kushoto; mkono huohuo ulikuwa umefuta na kuandika upya maneno ya waigizaji katika kurasa kumi na moja za hati.

Alifuta "alama za kamera". Alifuta "hajulikani", akaandika: "Mtunzi mshiriki: Winifred Prosser. Ushahidi: mwandiko."

Saa tisa na dakika hamsini na mbili rekodi ilifungwa.