Ngazi Zilizopinduka

Binti aliibandua karatasi kutoka kwenye bamba la shaba alilolichonga mchoro taratibu, kama mtu anayembandua mtoto plasta. Wino ulikuwa bado mbichi. Akaitundika ukutani kwa vibanio, akasogea pembeni.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake: mchoro mpya hutazamwa na wakubwa wote wa nyumba, na akitokea hata mmoja asiyeona kitu, bamba hukwanguliwa likabaki tupu. Miaka yote binti alikuwa akifuta wino kwenye mabamba ya baba yake. Hili lilikuwa lake la kwanza.

Mjomba ndiye aliyeanza. "Ngazi hizi. Zinapanda." Mara akainamisha kichwa begani. "Ebo! Mbona zimekuwa dari? Na huyu bwana aliyekuwa akipanda ananing'inia kama popo!" Akacheka hadi akakohoa. "Mpwa wangu, umenichezea macho mchana kweupe!"

Mama naye akainamisha kichwa. "Zinapanda. Hapana, zimepinduka. Mwanangu, leo mimi ndiye wa kukuamkia shikamoo."

Baba alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Binti hakuutazama mchoro. Aliitazama shingo ya baba. Ikainama kushoto. Ikarudi. Ikainama tena.

"Naona mikwaruzo," baba akasema.

"Baba, umeinamisha kichwa."

"Shingo inaniuma."

"Shemeji, nawe!" mjomba akadakia.

"Karakana hii ni ya nani?" baba akamuuliza.

Mjomba, aliyekuwa akila na kulala humo, akasogea kando.

"Kwangua," baba akamwambia binti.

Binti akamgeukia mama. Mama alikuwa akikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

Akashika kisu cha kukwangulia, akaanzia kwa yule bwana mdogo wa kwenye ngazi. Baba akaitungua karatasi, akailaza mezani, akachonga penseli. Chini ya ngazi, pembeni, akaandika jina lake mwenyewe, akapuliza vumbi.

"Kwenye maonyesho hii itakaa mlangoni," akamwambia mjomba. "Nakala moja tu, na haitakuwapo nyingine."

Mkono wa binti ukasimama.

"Shaba haijikwangui," baba akasema bila kugeuka.

Akaendelea. Giza lilipoanza kuingia, yule bwana alikuwa ametoweka, na ngazi zilibaki nusu. Baba akapitisha kidole gumba juu ya bamba.

"Bado linakwaruza. Utamalizia kesho."