Jongoo Jike Anapojikunja

Alasiri, madam akishalala, nyumba hii ya Al-Rawdah hubaki na mngurumo wa kiyoyozi tu, nami huchuchumaa mbele ya sanduku la kioo la Lujain. Lujain ni binti wa madam, anasoma biolojia chuoni. Amefuga majongoo humo: jike mnene na dume mwembamba. Kazi yangu ni kunyunyiza maji udongo usikauke. Ukilowa hunukia mvua ya Bungoma, na kwa muda siko Jeddah. Niko mlangoni kwa mama, Joy wangu amenikalia mapajani.

Baba yake Joy alinitaka kwa pupa, akaondoka kwa pupa. Tangu hapo, mwanamume akinikaribia najikunja.

Sasa kuna Gilbert, dereva wa familia moja ya Al-Suwaidi, Riyadh. Tulijuana bosi wake alipomtembelea madam. Mkataba wake unaisha. Ameuliza kama nitaolewa naye, arudi nyumbani akaanze kujenga huku akinisubiri. La sivyo atatia sahihi abaki. Anangoja jibu leo.

Juzi nilimkuta dume amempanda jike, amemkumbatia kwa miguu yote. Nikadhani anamuumiza, nikamtoa kwa kijiko. Lujain alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba miguu ya dume ya pete ya saba ya mwili ndiyo hupitisha mbegu, na kwamba akishamaliza huendelea kung'ang'ania kwa saa nyingi, dume mwingine asipate nafasi. Nikamuuliza, basi jike hana lake?

"Anajikunja, halas, imekwisha, dume hana la kufanya," akasema. "Na akikubali, mbegu huziweka ndani mwake mpaka siku ya kutaga. Anaweza kuwa na za madume kadhaa. Usimwonee huruma, Zipporah."

Leo jike amejikunja tena, duara kamili. Dume anampapasa mgongoni kwa miguu, wimbi baada ya wimbi, laini kama usingizi wa mtoto. Anatulia. Anapapasa tena.

Nikamkumbuka Gilbert. Aliwahi kuomba namba ya mama amsalimie Joy, nikakataa. Hakuomba tena. Lakini kila jioni, kabla ya lolote, huuliza kama kikohozi cha mtoto kimepoa.

Jike akaanza kufunguka, pete moja, halafu nyingine.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Zippy," Gilbert akasema, "usinikubali kwa kunihurumia tu."

"Nakutumia namba ya mama. Mpigie Joy."

"Nimwambie mimi ni nani?"

"Mwambie ni yule wa kuuliza kikohozi. Anakujua. Mimi humsimulia."

Nikasikia honi za Riyadh, na pumzi yake.

"Na mkataba?"

"Usitie sahihi."

Madam akaniita kutoka juu. Nikapanda ngazi, mikono yangu ikinukia udongo.